Digidigi na Wasifu Uliofutika

Wanyama walipoanza kuandika kwa kompyuta, Buibui alitengeneza programu ya kuandikia akaigawa bure kwa sharti moja: ikikorofisha, uje umweleze ulikuwa unafanya nini.

Digidigi, ambaye hata kivuli chake humshtua, alikuwa akiandika wasifu wa marehemu mama yake, usomwe kesho yake mazikoni. Kila alipofika katikati, maandishi yote yalifutika. Akaenda kwa Buibui.

"Shikamoo, Bibi. Nadhani ni virusi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Sijakuuliza unadhani nini. Ulifanya nini?"

"Niliandika tu."

Buibui akasaka virusi mpaka jua likaanza kuzama, asione kitu. Digidigi akaandika upya, na wasifu ukafutika tena. Akawaza: Mama atazikwa bila neno, kisa aibu yake.

"Bibi, nilikuficha," akasema kwa sauti ndogo. "Kila neno nalihifadhi, na nikifika katikati hofu hunizidi, nahifadhi tena kabla halijakaa sawasawa. Niliogopa utasema siiamini kazi yako."

Buibui akabonyeza kitufe cha kuhifadhi mara mbili upesi upesi. Ukurasa ukabaki mweupe.

"Kumbe hofu yako ya kupoteza ndiyo inayofuta," akasema, akianza kurekebisha. "Lakini hofu ni yako, mjukuu wangu. Tundu lililo kwenye programu ni langu."

Kesho yake Digidigi alisoma wasifu mpaka nukta ya mwisho. Na tangu hapo, aendaye kwa Buibui huanza na lile analoona haya kulisema.