Sahani za Mukunde

Kaliza alikula akiwa amesimama, amejibanza kati ya tangi la maji na ukuta wa nyumba, watoto wasimwone. Isombe ilikuwa bado ya moto, majani laini ya muhogo yaliyoungwa kwa karanga na mawese, na kando yake viazi vitamu. Alivimaliza vyote. Akaisuuza sahani kwenye bomba la nje, akajifuta mdomo kwa upindo wa kitenge, akaingia ndani kuwaambia wanawe kwamba ameshashiba karoti zake.

Ihirwe, mkubwa, alimtazama, akarudi kwenye daftari lake. Keza, mdogo wake, akampongeza. Pongezi hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi.

Hakuacha chakula cha kupikwa kwa ajili ya urembo. Figo za kaka yake, Bayingana, zilikuwa zimekufa, akawa anaishi kwa mashine ya hospitali. Bayingana ndiye aliyemlea huko Mbarara walipofiwa na wazazi. Alivaa viatu vilivyotoboka ili yeye asome. Vipimo vilipoonyesha kuwa figo ya Kaliza ingemfaa, Kaliza alisema ichukuliwe hata kesho. Bayingana alikataa. Alimwambia watoto wale walishampoteza baba, asiyachezee maisha ya mama waliyebaki naye. Walibishana hadi wakanuniana, mpaka siku moja Bayingana akalegea.

"Sawa," alisema. "Daktari akikukubali, sitakuwa na neno."

Daktari hakumkubali. Uzito ulikuwa mkubwa na presha iko juu. Apunguze kwanza, kisha arudi.

Febronia, Mtanzania aliyekaa naye ofisi moja, alikuwa amepungua kwa kula vyakula vibichi, akamfundisha: kabeji iliyokatwakatwa na kukamuliwa ndimu, parachichi, papai, karanga zilizolowekwa. Siku za mwanzo tumbo lilimjaa gesi, kichwa kikamgonga, na asubuhi za baridi huko juu kilimani Rebero alitamani uji hata wa maji matupu. Hayo yote aliyamudu. Aliyemshinda ni Mukunde.

Mukunde alikuwa jirani yake, mama wa makamo aliyeishi kwa kupika kwenye sherehe. Hata harusi ya Bayingana alipika yeye. Zamani walisalimiana tu getini. Lakini Kaliza alipoanza vibichi, karibu kila jioni Mukunde aligonga geti na sahani iliyofunikwa kitambaa.

"Chakula iko kingi, Mama Ihirwe. Utanisaidia kumaliza."

Mara agatogo, ndizi zilizopikwa pamoja na nyama. Mara maharage yenye kitunguu cha kukaanga. Siku moja hata mishikaki ya mbuzi. Kaliza alipokea kwa heshima, akajiambia atawapa watoto, akajikuta nyuma ya tangi.

Akipanda mizani, mshale unarudi palepale. Alipokwenda Gikondo kumwona kaka yake, alimwungamia yote huku ameinamisha uso: kwamba anakula kwa kujificha, kwamba anawadanganya watoto, kwamba hana moyo. Bayingana hakukasirika. Alimwambia asijitese, mwili una haki yake, na kama haiwezekani basi haiwezekani. Upole ule ulimwelemea Kaliza kuliko matusi. Alimwona akisindikiza wageni, akishika ukuta ili apande ngazi za baraza, huku yeye mwenyewe tumboni amebeba viazi vya watu.

Kisha Bayingana akazidiwa, akalazwa. Kaliza alirudi kutoka hospitali jioni, nguo zikinuka dawa, akamkuta Mukunde getini na sahani yake. Safari hii hakuipokea.

"Unajua unachofanya?" alimwuliza. "Kila sahani unayoniletea, unamzika kaka yangu."

Mukunde aliikumbatia sahani yake. Akageuka, akarudi kwake taratibu. Kaliza alibaki ameshika geti. Alijua kwamba mkono uliokuwa ukila haukuwa wa Mukunde, na bado hakumwita.

Hakurudi tena nyuma ya tangi. Njaa ilipombana alitoka akatembea, akashuka hadi chini ya kilima, na alipomaliza kupanda tena alikuwa amesahau alichokitamani. Alijifunza kutafuna polepole. Aliwapikia watoto bila kuonja. Ihirwe akawa ndiye mwonja chumvi. Sketi zikaanza kumzunguka kiunoni. Bayingana aliruhusiwa kurudi nyumbani, dhaifu kuliko mwanzo. Kwenye matembezi yake Kaliza alikutana na Mukunde mara kwa mara, na kila mara mwanamke yule alitazama chini kama mtu mwenye kosa. Kaliza alikusudia kumwomba msamaha. Kila siku aliahirisha.

Ikafika siku ambayo daktari alimpima, akampima tena, akasoma presha yake, kisha akampa mkono.

Kaliza alikwenda Gikondo moja kwa moja. Bayingana alikuwa kwenye kiti sebuleni, amejifunika blanketi mchana kweupe.

"Wamenikubali, kaka," alisema kabla ya kuketi. "Uliniambia hutakuwa na neno."

Bayingana hakutabasamu. Aliyatazama mashavu ya dada yake yaliyobonyea, akayatazama mpaka machozi yakamlengalenga.

"Mukunde alinipigia simu siku ile ulipomfukuza," alisema. "Akaniomba radhi kwamba kazi niliyompa ya kukulisha imemshinda."