Mkutano Alioukataa Kiboko

Enzi zile wanyama walipokuwa na magazeti yao, Kiboko alikuwa mkuu wa mto na Korongo alikuwa msemaji wake. Kazi ya Korongo ilikuwa kupanda mwambani na kuwaita kunguru, ndio waandishi wa habari, kila mkuu alipokuwa na jambo la kutangaza.

Kiboko hakukosa jambo. Siku moja alitaka kutangaza kwamba amepiga mswaki.

"Hiyo si habari, mzee," Korongo alisema.

"Mimi hata nikipiga chafya ni habari."

"Basi piga, tuone nani atakuja."

Kiboko alinuna kutwa nzima. Kesho yake akaja na habari ya kunenepa kwake, na Korongo akakataa tena, ingawa alijua kibarua chake kinaweza kuota nyasi.

Kisha kiangazi kikaingia. Kiboko akauziba mto kwa tope ili apate dimbwi la peke yake, na huko chini swala wakaanza kulamba mchanga.

"Leo usiite mtu," Kiboko alimwambia Korongo. "Hakuna habari."

Korongo alipanda mwambani akaita. Kunguru waliposikia sauti ya yule asiyeita ovyo, waliacha hata mizoga wakaja wote.

Kiboko aliibuka dimbwini, tope likimchuruzika. "Nani amekutuma? Mimi leo sina la kusema."

"Ndiyo maana nimewaita," Korongo alisema, kisha akawageukia kunguru. "Haya, muulizeni maji yako wapi."