Makoti ya Kwenda Morecambe

Olive Sugden alilikalia sanduku kwa uzito wake wote, lakini kufuli likagoma.

"Punguza kitu," akasema Wilf, mumewe, akiwa kitandani. "Wiki moja tu ya pwani, Morecambe, wewe unafungasha kama Nuhu."

"Nuhu alikuwa na paa."

Akainuka, akapanga upya. Makoti mawili ya mvua. Miavuli miwili. Kofia za jua, na kofia za sufu. Nguo za kuogelea, na sweta za kuvaa juu ya nguo za kuogelea. Ulikuwa mwezi wa Juni, na Juni ya Uingereza hukuunguza pua saa tatu, ikifika saa nne ikakupiga mvua ya mawe.

Wilf akakohoa. Kikohozi hicho ndicho kilichomkosesha Olive raha. Nimonia ilikuwa imemlaza mzee mwezi mzima wa Machi, na daktari alisema wazi: mapumziko yatamfaa, lakini akilowa mara moja tu, wasije kumlaumu yeye.

Na kulowa kulikuwa jambo rahisi. Nyumba za wageni za pwani zote zilikuwa na sheria moja: ukishamaliza kifungua kinywa, saa nne unatoka, na mlango haufunguliwi mpaka saa kumi na moja jioni, kuwe na jua, kuwe na gharika.

"Labda huyu Bi. Clegg tuliyepanga kwake ana huruma," Wilf akasema.

"Akimhurumia mgonjwa mmoja leo, kesho nyumba nzima inaumwa."

"Haya, wewe ndiye unayejua."

Jumatatu jua liliwaka, na Jumanne pia. Olive akamshukuru Mungu mara mbili kwa siku, asije akadhaniwa ni mtovu wa adabu.

Jumatano bahari ikaamua. Upepo ulipindua miavuli yote miwili kabla hawajavuka barabara, na mvua ilikuja kwa ubavu, ikaingia kwenye kola za yale makoti mazuri. Wilf alianza kutetemeka. Olive akamshika mkono, wakarudi mbio, akabisha.

Bi. Clegg alifungua kiasi cha pua. Harufu ya keki ikatoka, na joto la moto wa makaa.

"Dada yangu, nakuomba. Mume wangu katoka kuumwa juzi tu. Mkalishe hata jikoni, hata juu ya ndoo. Hatasema neno."

Bi. Clegg akaitazama miguu ya Wilf, akalitazama zulia lake, akafunga mlango.

Walikaa katika kibanda cha abiria saa saba nzima. Olive alimvika mumewe kila kilichokuwa kwenye kikapu, sweta ya mzee na yake mwenyewe, kofia mbili za sufu moja juu ya nyingine, mpaka mzee akafanana na birika la chai lililofunikwa lisipoe.

"Mungu anamwona yule mwanamke," akasema Olive, machozi na mvua vikichanganyika. "Kumfungia mgonjwa nje kwa ajili ya zulia! Ana moyo gani yule?"

"Olive..." Wilf akaanza, meno yakigongana.

"Usimtetee!"

Kwa rehema za Mungu, kifua hakikurudi. Jumamosi wakapanda treni kurudi kwao Bridlington, kwenye pwani ya upande wa pili, na Jumapili Olive alipiga magoti kanisani muda mrefu kuliko wote, akishukuru.

Jumatatu mvua ikanyesha. Saa nne na robo mlango wake ukabishwa, akafungua kidogo. Mwanamke kijana aliyepanga kwake tangu jana alisimama ngazini, amemshika mama yake mzee, wote wanachuruzika maji.

"Bibi Sugden, mama ana baridi yabisi, tunakuomba tu akae..."

"Nyumba yangu hufunguliwa saa kumi na moja, mpenzi," akasema Olive, na kuzungusha ufunguo.