Kifaru Aliyeona Haya Kuuliza

Katika timu ya wanyama, kazi ya Kifaru ilikuwa kuwasukuma wapinzani ili Swala apite na mpira. Kocha mpya, Tumbili, akaja na mbinu ngeni, akaieleza harakaharaka.

"Mmeelewa?"

Kifaru hakuambulia kitu. Akaona haya, akaitikia kwa kichwa.

Mechi ilipoanza, Kifaru akakimbilia kulia, Swala kushoto. Fisi wa timu pinzani wakamwangukia Swala, wakamvunja mguu.

Kifaru akaenda kumwinua, hathubutu kumtazama usoni. "Nisamehe, ndugu yangu. Sikuelewa, nikaona haya kuuliza."

Swala akajibu akilia, "Hata mimi sikuelewa. Nilitaka kuuliza, lakini nilipoona umeitikia, nikaona haya kuwa mjinga peke yangu."