Kidole cha Mwenzi

Siku hizi hospitali haimpasui mtu mpaka mwenzi wake wa ndoa atazame picha ya mwili wake na kuweka kidole kukubali. Ndiyo maana Shomvi, fundi rangi wa miaka arobaini na tatu, alimpa mkewe, Mwanahawa, simu huku ameinamisha kichwa. Picha ilionyesha kifua chake, kilichoota matiti kama ya mwanamke. Alikuwa akikificha tangu waoane, akilala na fulana mbili hata wakati wa joto.

Mwanahawa aliikuza picha kwa vidole viwili.

"Ni hiki tu, Baba Tausi?"

"Naona aibu, mke wangu. Daktari anasema wataitoa nyama yote, na siku hiyohiyo nitarudi nyumbani."

Mwanahawa akaweka kidole. Kisha akafungua ombi jingine la upasuaji kwenye simu yake mwenyewe, la miaka mitatu iliyopita, lenye picha ya kifua chake yeye.

"Ulivyokuwa ukinipa mgongo, nilidhani mwili wangu unakuchukiza. Nikaomba wanitengeneze upya, halafu nikaona haya kukuonyesha."

Shomvi alishindwa kumtazama usoni. Ombi bado lilikuwa linasubiri kidole cha mume, na mkewe alikuwa ameshamwekea simu mkononi.