Masomo Sita ya Anders

Mama aliweka sahani ya nne mezani, kama kila siku, na kama kila siku hakuna aliyeitazama.

Maren Tollefson alivua buti zenye theluji, akaiweka fomu ya shule kando ya bakuli la nyama na viazi. Fomu yenyewe haikuwa na maajabu: mwanafunzi achague masomo ya mwaka ujao, mzazi atie sahihi, irudishwe kesho. Lakini chini kabisa kulikuwa na masomo ya juu, yale ambayo mitihani yake ya Mei hutazamwa na vyuo vikuu.

"Sita," alisema baba yake, Kurt, hata hajakaa vizuri. "Nyumba hii huchukua sita."

Katika kitongoji chao cha Minnesota, watoto hushindania masomo ya juu kama wazazi wao wanavyoshindania nyasi za uani. Mchana ule, kantini, rafiki yake Sloane alikuwa amemcheka mpaka akapaliwa. "Mawili? Wewe nawe! Kwa mawili hata chuo cha kunyoa mbwa hakikupokei!"

Bi Prewitt, mshauri wa wanafunzi, hakucheka. Alisoma jina la ukoo, akainamisha macho. "Kumbe wewe ni mdogo wake Anders," alisema. "Chukua unayoweza kuyabeba, mwanangu. Sina la kuongeza."

Anders ndiye aliyechukua sita. Masika yale, kabla ya mitihani, baba alishachomeka uani kibao chenye jina la chuo kilichomkubali mwanawe. Kila mzazi mtaani hufanya hivyo, ila yeye aliwahi mno. Kibao kiko hapo hadi leo, rangi imepauka, na majirani wanaotembeza mbwa wakikifikia hupunguza sauti kama watu wanaopita makaburini.

Jioni ya kuamkia mtihani wa hisabati, Anders alipanda ngazi, akajifungia chumbani kwake. Hakushuka tena. Asubuhi gari la wagonjwa lilikuja mbio, kisha likaondoka polepole, king'ora kimezimwa. Watu wa kanisani walileta vyakula kwa wiki kadhaa, wakamshika mama mikono. Wakati huo Maren alikuwa bado shule ya msingi.

Tangu hapo nyumba haikutulia. Maren akijilaza husikia penseli ikikwaruza karatasi upande wa pili wa ukuta, na hujifunika mto masikioni. Baba naye, mtu mgumu asiyejua kulia, hununua penseli za njano kila aendapo dukani, ingawa Maren huandika kwa kompyuta. Hakuna aliyewahi kumwuliza ni za nini.

"Mawili," Maren alisema.

Kurt aliweka uma chini. "Mawili! Watu watasemaje?"

"Watu hawasemi, baba. Wanakiangalia kibao, wanapita."

"Maren!" mama alinong'ona.

"Lakini wewe una akili kuliko hata..." Baba aliishia hapo.

"Kuliko Anders. Sema tu, baba." Aliogopa, na hakumwogopa baba yake bali kile chumba cha juu, kilivyokaa kimya kana kwamba kinamsubiri na yeye. "Mlijua kuwa halali usiku. Mlijua kuwa hali chakula vizuri. Mkampigia makofi. Sasa mimi mnataka niishie wapi?"

Friji ilinguruma, ikanyamaza. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa cha mezani.

Kurt aliivuta fomu. Alitia sahihi chini ya masomo mawili. Alinyanyuka, akatoka nje bila koti wala glovu, nao wakamwona dirishani akikivuta kile kibao kwa mikono miwili. Ardhi ya Februari ilikuwa imeganda, ikakataa kukiachia. Aliendelea kuvuta.

Mama alipakua chakula kwenye sahani ya nne, akakifunika kwa foili. "Leo ipeleke wewe," alisema. "Mimi siziwezi tena zile ngazi."

Maren hakuwahi kuipeleka. Alizoea kumwona mama akipanda nayo kila jioni na kushuka akifuta macho, na aliona ni afadhali yabaki kuwa mambo ya mama. Aliipokea. Ngazi zililia chini ya soksi zake. Ukutani, Anders alitabasamu kwenye picha baada ya picha, medali shingoni, mashavu yakizidi kubonyea kila mwaka.

Aliiweka sahani kwenye zulia mbele ya mlango. Angeweza kurudi hapo hapo. Badala yake aliegemeza paji la uso kwenye mbao.

"Kaka," alisema, machozi yakimshuka. "Nimechukua mawili tu. Baba ametia sahihi. Usinikasirikie."

Ndani, penseli iliacha kukwaruza.

Mlango ulifunguka kidogo, ukatoa harufu ya jasho la siku nyingi. Mkono uliokonda, vidole vyeusi kwa penseli, ulitoka ukaivuta sahani, na juu yake Maren aliona ndevu zilizofika kifuani.

"Punguza sauti, Maren," alisema Anders. "Mtihani ni kesho."