Mdomo Kwenye Jalada

Mzee aliishika ile santuri kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota panya mfu, akaiweka juu ya kaunta picha ikitazama chini. Juu yake akaweka ya pili.

"Mbili," alisema. "Na usinigeuzie hiyo picha, bwana. Nimetoka kunywa chai sasa hivi."

Norman Entwistle hakuigeuza. Hata yeye, mwenye duka, picha ile ilimsumbua. Jalada zima lilikuwa mdomo mmoja ulioachama: meno, ulimi, na juu ya ulimi bonge la keki lililotafunwa nusu, limevurugika na kastadi na jeli nyekundu. Uzi wa mate ulining'inia kutoka jino la juu. Hiyo ndiyo ilikuwa albamu ya kwanza ya Semolina, bendi ya vijana wanne waliofanyia mazoezi yao juu ya bucha, pale pale mjini Accrington.

"Kama inakuchefua, unainunulia nini?" aliuliza Beverley, msichana wa kaunta.

"Ili isikae hapo watoto wakaiona. Nyumbani nina jiko la makaa."

"Basi si uzibebe zote, mzee, umalize kazi!"

"Tumbo langu halivumilii zaidi ya mbili kwa siku, binti."

Alisubiri mpaka Entwistle alipomaliza kubonyeza nambari kwenye mashine ndogo kando ya droo ya fedha. Kisha akatoka, santuri kwapa hili, sanduku la tarumbeta kwapa lile.

Beverley alicheka mpaka akashika ubavu. "Bosi, si umwambie tu?"

"Nyamaza, Bev."

Duka la Entwistle lilikuwa moja ya maduka machache yaliyohesabiwa kwa ajili ya chati ya taifa. Kila santuri iliyouzwa, nambari yake iliingia kwenye ile mashine, na usiku mashine ilipeleka hesabu London kwa simu. Katika hesabu hiyo duka moja kama lake lilisimama badala ya maduka mengi, hivyo hata santuri chache zilikuwa na uzito. Na gazeti la mji lilikwisha andika: Semolina wasipoingia arobaini bora katika wiki ya kwanza, kampuni haitawarekodi tena.

Mwimbaji wao, msichana aliyejiita Coral, mwenye ule mdomo wa jaladani, alikuja dukani mwenyewe wiki iliyotangulia. "Norman, nakuomba, iweke dirishani. Wakitutupa hawa, mimi narudi kiwanda cha biskuti." Entwistle aliiweka. Mke wa mchungaji alipoiona alijifunika mdomo kwa leso akavuka barabara. Wateja wawili walisema hawatakanyaga tena humo. Aliyeinunua alikuwa mzee mmoja tu, yule aliyetaka kuichoma.

Entwistle angeweza kuibonyeza ile nambari mara hamsini na asijue mtu. Hakuwa mtu wa hivyo. Lakini kunyamaza aliweza, ingawa kulimkera. Mzee akijua kwamba kila anayoichoma inawapandisha wale vijana, ataacha. Akiacha, wamekwisha.

Jumatano mzee alikuja na mifuko ya maduka ya santuri ya miji jirani, Burnley na Blackburn.

"Na huko wameitundika," alisema, akikunja pua. "Mate matupu, mji mzima. Nipe mbili."

Alhamisi alikuja bila lile sanduku.

"Leo hakuna mazoezi ya bendi yenu ya tarumbeta?" Entwistle alimuuliza.

"Tarumbeta nimeiuza. Nimeacha kupiga." Aliitazama sakafu kidogo. "Ile santuri nimeisikiliza. Upande wa kwanza wote."

"Si ulisema unazichoma?"

"Mtu atachukiaje kitu asichokijua? Ni kama paka amebanwa mkia mlangoni. Halafu kuna mahali wanacheua. Wanacheua kweli, bwana, ndani ya wimbo! Nilifungua madirisha."

Beverley ilibidi aende stoo akachekee huko.

Ijumaa alinunua mbili. Jumamosi Entwistle alikuwa ameshaushika ufunguo wa mlango mzee alipoingia anahema, koti limelowa mvua. Aliokota mbili zile zile, kwa ncha zile zile za vidole. Hakuondoka mpaka alipoona nambari ya mwisho imeingia mashinani.

Jumatatu chati ikatoka. Beverley aliisoma, akapiga kelele, akaisoma tena, akaanza kucheza peke yake katikati ya duka. Semolina walikuwa wa thelathini na tisa.

Alikuwa bado anacheza mzee alipofungua mlango. Safari hii hakwenda rafuni. Alisimama mbele ya kaunta mikono mitupu, na Entwistle akaona hawezi tena kunyamaza.

"Mzee, unisamehe," alisema. "Ningekwambia mapema. Kila uliyoinunua hapa imehesabiwa. Hii mashine ni ya chati. Umewapandisha wewe mwenyewe."

Beverley akaacha kucheza. Wote wawili walisubiri matusi.

"Najua, bwana," mzee alisema. "Ni wa ngapi?"

"Wa thelathini na tisa."

Mzee akavua kofia. Aliegemea kaunta kwa kiwiko, akipumua kama mtu aliyetua mzigo juu ya kilima. Kisha akachukua santuri iliyokuwa karibu, na kwa mara ya kwanza akaigeuza picha ikamtazama. Uso ukamkunjamana.

"Bado inanichefua," alisema. "Miaka kumi na saba, mezani kwangu, nilimwambia binti yangu huyu atafune akiwa amefunga mdomo."